KITABU CHANGU KIPO SONGEA



Mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutualika kwa namna ya pekee kuwaombea marehemu. Nyumba nyingi za Kikristu huandika majina ya marehemu wao juu ya karatasi na kuyaleta kanisani, na karatasi hizo hupita mikononi mwetu sisi mapadre. Tumeona kwamba majina yenyewe ni machache: baba, mama, babu mmoja, pengine na bibi, kisha kalamu husimama, na mwandishi hujimalizia kwa maneno haya, "na wote wa ukoo wetu". Hao wote ni akina nani? Wengi hawawezi kujibu. Wala hatuwalaumu, maana sisi wenyewe tulipojaribu kuwahesabu wazee wetu tulikwama kwa baba wa babu.

Hata hivyo wako watu wanaoanza kuuliza, nao wazidi kuongezeka. Wengine huwaketisha wazee na kunasa sauti zao katika simu. Wengine, hasa walioko ng'ambo, hupeleka mate yao kupimwa vinasaba. Wengine hufanya lililo rahisi kuliko yote: huenda kwa katibu wa parokia na kuomba kitabu cha ubatizo cha zamani kifunguliwe. Kazi hiyo ni njema nasi twaisifu. Lakini mwenye kuianza yafaa ajue kwamba anaweza kupata zaidi ya alichokitafuta. Leo twataka kuwasimulia yaliyotukia mbele ya macho yetu huko Mpitimbi, katika Jimbo Kuu la Songea. Wahusika wametupa ruhusa, kwa sharti kwamba tusitaje jina la mtu yeyote.

Mpitimbi iko kusini ya mji wa Songea, upande wa kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Tulikwenda huko kumtembelea padre mwenzetu tuliyesoma naye seminari kuu. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na katika kila ua watu walikuwa wakipukuchua mahindi. Tulikuwa tumeketi barazani baada ya chakula cha mchana walipofika wageni watatu, ndugu wawili wa kiume na dada yao, nguo zao zimejaa vumbi la safari. Walitoka Muheza, mkoa wa Tanga. Walisema kwamba wanatafuta makaburi.

Babu yao alizaliwa pande hizi, akaenda Tanga angali kijana kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, akafia huko, na sasa imepita miaka zaidi ya thelathini. Jina lake la ukoo ni mojawapo ya majina yaliyoenea Songea nzima. Nao waliokwisha kufika Songea wajua maana yake: mtu akisema natafuta ukoo wa Komba, au wa Nyoni, au wa Mapunda, au wa Ngonyani, ni kama mtu aliyesimama ukingoni mwa Ruvuma akitafuta tone moja la maji. Lakini wageni hawa walikuwa na kitu kingine mkononi, yaani cheti cha ubatizo cha babu yao, kimechakaa na kukunjwa mara nyingi. Kwa cheti hicho walikuwa wamekwisha kwenda misioni alikobatizwa, wakatafutiwa katika kitabu, jina likaonekana, na jina la kijiji pia: Mpitimbi. Wakapewa cheti kipya, na yule aliyekiandika, kwa uaminifu unaostahili sifa, akanakili vilevile maneno ya Kilatini aliyoyakuta pembeni mwa ukurasa. Hakuyafahamu, nao hawakuyafahamu. Wakatupa sisi tuyasome.

Kabla hatujasema yaliyoandikwa, yatupasa kueleza kwa nini walisumbuka hivyo, maana safari ya kutoka Muheza mpaka Mpitimbi si matembezi. Walitwambia kwamba babu yao alihudhuria Misa kila Dominika, masika na kiangazi, akaketi daima katika benchi la mwisho, na katika maisha yake yote hawakumwona akikomunika. Wala bibi yao hakukomunika. Watoto wao walibatizwa wote, wakapata Komunyo ya kwanza na Kipaimara, na siku za sikukuu hizo babu alichinja mbuzi na kufurahi kuliko wote. Yeye mwenyewe akabaki benchi lile lile. Katekista alimsihi mara nyingi abariki ndoa yake. Jibu lake lilikuwa moja tu, miaka nenda miaka rudi: "Kitabu changu kipo Songea." Wajukuu walipokuwa wadogo walidhani ni kitabu cha sala alichokisahau nyumbani. Walipokua wakadhani ni neno la uzee. Ndipo mmoja wao, baada ya kumzika baba yake mwenyewe na kuona kwamba hakuna tena wa kumwuliza, alipowaambia wenziwe: "Twendeni tukakione hicho kitabu."

Wasomaji wetu wengi wajua jinsi jambo hili lilivyo, lakini si wote. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, kwa amri ya Baba Mtakatifu Pius wa Kumi iliyotolewa mwaka uliotangulia, padre anayefungisha ndoa yampasa kuarifu parokia walikobatizwa wenye ndoa, ili iandikwe pembeni mwa majina yao ya ubatizo. Sheria ya Kanisa ya sasa, ya mwaka 1983, imeshika desturi iyo hiyo. Kwa hiyo kila Mkatoliki, aende Tanga au Nairobi, au avuke bahari, ameacha nyuma yake ukurasa mmoja unaomngoja. Yule mzee alilijua jambo hilo vizuri kuliko Wakristu wengi waliosoma.

Maneno ya Kilatini yalisema kwamba mtu huyu alifunga ndoa, kabla vita kuu ya pili haijaisha, na mwanamke ambaye jina lake liliandikwa wazi, naye pia wa Mpitimbi. Jina hilo halikuwa la bibi yao.

Twakiri kwamba tulisita. Tungaliweza kusema kwamba wino umefifia. Yule padre wa zamani alipoandika hakusita, kwa sababu aliandika siku ya furaha. Sisi tulisoma mbele ya watu watatu waliompenda babu yao. Lakini kweli ile ilikuwa mali yao, tena walikuwa wameilipia nauli. Tukasoma, tukaifasiri neno kwa neno. Yule dada akauliza, "Basi bibi yetu alikuwa nani?" Hatukumjibu, wala yeye hakungoja jibu.

Mtu wa leo aweza kumhukumu mzee yule upesi. Tusifanye haraka. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, ukapandwa pwani ya Tanga, na baadaye ukawa mali kuu ya Tanganyika. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000, na hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyoipita. Mikono iliyoukata mkonge huo mingi haikuwa ya Tanga. Ilitoka mbali, kwa Waha, kwa Wanyakyusa, ng'ambo ya Ruvuma, na huku Songea, nchi iliyoachwa maskini na njaa baada ya vita vya Majimaji, ambako zao la kuuza lilikuwa haba lakini kodi haikuwa haba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kuandika wafanya kazi, kilichoitwa SILABU, nacho kikaja kuwatafuta vijana mpaka huku kusini. Walioandikwa walipewa namba, na kwa namba hiyo watu wakawaita manamba. Kijana aliondoka kwa miguu au kwa lori, ameahidi kurudi na fedha ya kodi, shuka na baiskeli. Wengi walirudi. Wengine walimaliza kipande kimoja wakaanza kingine, wakaona haya kurudi mikono mitupu, mwaka ukazaa mwaka, na siku moja mwanamke wa jirani akampikia mgonjwa uji. Hivi ndivyo mambo yalivyokwenda kwa wengi. Twasema hivyo ili tulifahamu kosa, wala si kulifuta.

Sasa padre mwenyeji wetu alimwita mzee mmoja aliyekuwa katekista kwa miaka mingi, akamtajia jina la mwanamke lililokuwa katika cheti. Sote tulikuwa tukitazamia kwamba atatuonyesha kaburi. Mzee akavua kofia, akasema, "Huyo mama tulimzika zamani. Lakini binti yake yupo. Nyumba yake ni ile pale, iliyo karibu na kisima."

Basi hao waliotafuta wafu wakaambiwa kwamba wana shangazi, naye yu hai.

Tulikwenda pamoja nao, maana waliomba tusiwaache. Mama huyo amepita miaka themanini, macho yake yamepungua nuru, lakini masikio yake ni mazima kabisa. Alikuwa amekaa juu ya mkeka kivulini. Katekista mzee alieleza kwa Kingoni, taratibu, kwa maneno ya kuzunguka kama iwapasavyo wazee, nasi tukaona jinsi mikono yake ilivyoacha kupukuchua. Wageni wakapiga magoti, wakasema, "Shikamoo, Shangazi." Alikaa kimya muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaitika, "Marahaba," bila neno la pili.

Wanawe walikuwa wamekwisha kusogea. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, aliuliza waziwazi kama wageni wamekuja kutafuta shamba. Yawezekana msomaji akaliona swali hilo kuwa la ukali. Sisi hatukuliona hivyo. Siku hizi ardhi imepata bei hata vijijini, na si mara moja tumeona mtu asiyejulikana akiibuka na karatasi mkononi, akidai fungu la babu. Yule kaka mkubwa wa wageni akajibu kwa unyenyekevu kwamba wana kwao Muheza, na hawataki hata tuta moja. Wametaka kujua tu. Yule mwenye mvi akamtazama, akamletea kigoda.

Tulipata kusikia habari yao upande wa huku kidogo kidogo. Mama aliyeachwa alikuwa na mtoto mmoja mchanga. Kwa miaka michache fedha zililetwa na waliorejea. Kisha hazikuletwa tena. Wengine walisema mumewe amekufa, wengine walisema yu hai na ana nyumba. Watu wawili waliomba kumwoa. Alikwenda kwa mapadre, nao, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kifo, hawakuweza kumruhusu. Akakaa hivyo, si mjane wala si mke, akilima, akimlea binti yake, mpaka alipofariki. Kwa hesabu ya wageni wenyewe, yeye alimtangulia mumewe kwa miaka kumi na miwili. Tufikiri kidogo juu ya miaka hiyo. Tangu siku alipofariki, yule mzee wa benchi la mwisho alikuwa huru kufunga ndoa na mama wa watoto wake na kusogea mezani pa Bwana. Barua moja ingetosha, nayo stempu yake haikuwa ghali. Hakuiandika kwa sababu aliona haya kuuliza, na huku hakuna aliyejua pa kumpelekea habari. Kwa hiyo wanawake wawili, mmoja Mpitimbi na mmoja Muheza, walibeba mzigo ambao hawakuutwika wao. Na huyu wa Muheza hata jina la mzigo hakuambiwa.

Hatimaye mama mzee alinena. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Alikufa na padre?" Wakamjibu kwamba ndiyo, siku ya mwisho padre aliitwa, akamwungamisha na kumpaka Mafuta Matakatifu, maana Kanisa halimfungii mlango mtu anayetubu katika hatari ya kufa. Akatikisa kichwa kukubali. La pili lilichukua muda kutoka. "Alinitaja?"

Wale watatu wakatazamana. Yule dada ndiye aliyepata ujasiri. Akasema, "Shangazi, sisi hakututajia. Lakini binti yake wa kwanza kule kwetu alimpa jina lako, lile lile la ubatizo."

Sisi tuliposikia hivyo tulishukuru moyoni, tukidhani hapo amepata faraja. Yule mama akasema kwa sauti ndogo, "Basi hata jina langu aliligawa."

Hakuna aliyejibu. Sisi tunaohubiri kila Dominika tulitazama chini kama wengine. Labda mzee yule alimpa mtoto jina hilo kwa toba, ili alitaje kila siku lile ambalo hakuthubutu kuliandikia barua. Labda alimpa ili asahau. Mungu peke yake ndiye ajuaye, na yule mama alikuwa na haki ya kulisikia kama alivyolisikia. Kaka mkubwa akasema, "Shangazi, tunaomba radhi kwa ajili ya babu." Naye akajibu, "Kwanza mle." Akaita wajukuu, akaagiza kuku ashikwe.

Jioni ile, tuliporudi parokiani, tulifungua Kitabu cha Tobiti, na twawashauri wasomaji wetu nao wakifungue, maana hakisomwi sana majumbani. Tobia kijana hakutoka nyumbani kutafuta ndugu. Alitumwa na baba yake kipofu kwenda kuchukua fedha zilizowekwa amana katika mji wa Rage. Njiani, akiongozwa na Malaika Rafaeli ambaye hakumtambua, akafika Ekbatana katika nyumba ya Ragueli. Edna, mke wa nyumba, akawauliza wageni wametoka wapi, nao wakajibu kwamba ni wa kabila la Naftali, katika mateka walioko Ninawi. Wakaulizwa kama wamjua Tobiti, na kama yu mzima; Tobia akasema kwamba huyo ndiye baba yake. Ragueli akaruka, akambusu, akalia.

Machozi hayo huhubiriwa mara nyingi, nayo ni mazuri. Lakini Ragueli alifanya jambo la pili ambalo husahauliwa. Tobia alipomwomba binti yake Sara, Ragueli hakuificha aibu ya nyumba yake. Alimwambia wazi kwamba binti huyo amekwisha kuolewa na waume saba, na wote saba wamekufa. Angaliweza kunyamaza. Kijana alikuwa mgeni, tena wa ukoo, na harusi ilikuwa karibu; nani angaliharibu furaha? Yeye alilia kwanza, kisha akasema kweli yote, na baada ya hapo ndipo akamtoa binti yake. Kukutana kwa ndugu kusiko na machozi ni ubaridi. Lakini kukutana kusiko na kweli hakudumu, maana kilichofichwa siku ya karamu hutokea siku ya urithi. (Twaomba radhi kwa neno moja la kando. Tobia alikataa kula kabla shauri halijakwisha. Huko Mpitimbi mama yule alikataa shauri kabla watu hawajala. Twadhani wote wawili walikuwa na sababu njema.)

Kwa hiyo, ninyi mnaotafuta ukoo wenu, msiende kwa kutafuta fahari. Kila mtu hupenda kukuta kwamba babu yake alikuwa nduna au jumbe. Huku Songea wazee wanajua vema jinsi ukoo unavyofumwa. Wangoni walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa. Zwangendaba aliyewaongoza akafa Ufipa katika miaka ya 1840, na watu wake wakatawanyika, wengine kwa Mpezeni katika Zambia ya leo, wengine kwa Mbelwa katika Malawi, wengine wakaingia huku. Njiani waliteka watu wa makabila mengi, wakawaingiza katika koo zao na kuwapa majina yao. Anayechimba sana aweza kufika kwa nduna. Aweza pia kufika kwa msichana Mtumbuka au Mndendeule aliyeshikwa mkono na kupelekwa asikotaka. Huyo naye ni bibi yake. Hata Mtakatifu Mateo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumwacha Tamari, wala Rahabu, wala mke wa Uria.

Nanyi mnaotafutwa, mnaoamka asubuhi na kuona wageni uani wakisema "sisi ni wenu", msianze na shamba, ingawa twafahamu kwa nini mwaanza nalo. Waulizeni wameleta nini kwanza, kabla ya kuwauliza wataondoka na nini. Hawa wa Muheza walileta habari ambayo mama mmoja aliingojea maisha yake yote, ijapokuwa ilikuwa chungu.

Kuna jambo lingine la lazima, nasi tutalisema kwa ufupi kwa kuwa si la kupendeza. Vijana wa siku hizi hukutana Dar es Salaam, Dodoma, vyuoni na makazini, mmoja ametoka Tanga na mwingine Songea, wakapendana bila kujua kwamba wana babu mmoja. Sheria ya Kanisa yakataza ndoa ya watu wa damu moja hadi daraja la nne la pembeni, yaani hadi watoto wa ndugu wawili. Hao hawawezi kufunga ndoa halali bila ruhusa maalumu, na walio wa karibu zaidi, kaka na dada, hawapewi ruhusa kamwe. Wala haidhuru kama ndugu wale walikuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali. Kutangaza ndoa kanisani kuliwekwa kwa ajili ya mambo kama hayo, lakini tangazo linalosomwa Muheza halisikiki Mpitimbi. Wazazi, waambieni watoto wenu mapema. Aibu ya babu ikisemwa kabla ya barua ya posa ni maneno ya jioni moja tu. Ikisemwa baada ya mahari kupokelewa, ni msiba.

Tulipokuwa tukirudi tulipita mjini Songea penye Makumbusho ya Majimaji, palipo na kaburi la pamoja la wale walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kila mara tupitapo hapo twakumbuka kwamba padre mmoja aliingia gerezani kuwabatiza baadhi yao kabla ya kunyongwa, na kwamba mwezi Agosti mwaka uliotangulia Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, alikuwa ameuawa pamoja na mabruda na masista katika vita vivyo hivyo. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji huu jina lake, naye alinyongwa mwaka huo wa 1906, na watu wa ukoo wake wasema kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akaonana na watu wa ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa wazee wao, na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Miezi miwili kabla yake, mjini Berlin, wataalamu waliokuwa wakichunguza mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki walitangaza kwamba kwa vinasaba wamepata jamaa walio hai, hapa Tanzania, wa watu wachache miongoni mwa hao. Mmoja wao alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, Mangi yule aliyenyongwa mwaka 1900. Tufikiri nyumba hiyo ilivyokuwa: kuambiwa na wageni wa mbali kwamba babu yenu amepatikana, katika sanduku, na namba juu yake.

Wako waliosema kwamba Rais yule hakuwa amezaliwa mwaka 1906, basi aomba radhi ya nini? Swali hilo tuliliona limejibiwa Mpitimbi. Yule kaka wa Muheza naye hakuwa amezaliwa babu yake alipopanda lori. Lakini alikuwa amerithi jina, na nyumba, na upendo wa mzee yule, navyo vyote vilijengwa mahali ambapo mwingine alinyimwa. Arithiye shamba hurithi na mpaka wenye ugomvi. Hakuna aliyemwambia aseme maneno yale mawili. Aliona mwenyewe kwamba yapo, nayo ni yake kuyasema. Shangazi yake hakusema "nimesamehe". Alisema "kwanza mle", na wale watatu walikula, wakalala katika nyumba yake usiku ule, na yule mwenye mvi akawapa mkeka wake.

Asubuhi, kabla ya Misa, alikuja ofisini akishikwa mkono na yule mpwa wake wa Muheza. Usiku walikuwa wamezungumza kwa simu na yule wajina wake, dada yake wa baba, ambaye sasa ni mama wa miaka zaidi ya sabini. Hatukuuliza walisemezana nini. Aliweka mezani sadaka, noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa, akaomba Misa ya marehemu. Padre mwenyeji wetu akafungua kitabu cha nia za Misa, akaanza kuandika jina la yule mzee, kwa kuwa ndiye aliyeleta wageni.

Mama mzee akasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Akauliza, "Umeandika nani?" Padre akamtajia.

"Andika kwanza mama yangu," akasema.

Jina likafutwa, likaandikwa la mama. La mzee likafuata chini yake, katika mstari wa pili, na kengele ikagongwa.